Mtoto wa miezi sita anajikunja ghafla akiamka, mara nyingi mfululizo. Ni mchango au ni kitu kingine?

MamaZ_Moro

Habari za humu. Naomba majibu ya wanaojua magonjwa ya watoto, si ya kubahatisha.

Mtoto wa kiume, miezi sita na nusu, kilo 7.2. Hii ni wiki ya tatu: akiamka asubuhi au akitoka usingizi wa mchana, anajikunja ghafla. Kichwa kinainama mbele, mikono inaruka na kufunguka, magoti yanapanda tumboni. Ni sekunde moja au mbili, kisha analegea. Zikipita sekunde kumi hivi, anarudia. Anaweza kwenda hivyo mara 15, mara 20, ndipo inakoma. Katikati analia, mwishoni anaonekana kuchoka.

Hana homa. Hatoi povu, habadiliki rangi. Malaria imepimwa, hakuna. Zahanati ya kwanza walisema ni mchango, wakatoa dawa ya tumbo. Ya pili walisema anashtuka tu, akikua ataacha. Bibi yake anasema ni dege.

Alizaliwa kwa njia ya kawaida lakini alichelewa kulia, akawekwa kwenye oksijeni siku mbili. Alikuwa ameshaanza kucheka ukimchekea na kushika vitu. Siku hizi unaweza kuinama mbele ya uso wake akakutazama kama hakuoni.

Hii ni nini? Nimpeleke wapi, na niombe kipimo gani?

Dkt_Wodi_ya_Watoto

Pole, Mama Z. Kwa ulivyoeleza, usisubiri tarehe ya kliniki. Hali hii ichukuliwe kuwa kifafa cha watoto wachanga mpaka kipimo kikatae.

Huitwa spazimu za utotoni. Zikiambatana na mawimbi ya ubongo yaliyovurugika na mtoto kurudi nyuma kimaendeleo, huitwa sindromu ya West. Huanza kati ya mwezi wa tatu na wa kumi na mbili, na wengi wao ni mwezi wa nne hadi wa saba. Hukosewa kwa sababu watu, wahudumu wa afya wakiwemo, wakisikia kifafa hutegemea kuona mwili mzima unatetemeka, macho yamegeuka, povu linatoka. Hapa hakuna hayo. Mkunjo mmoja ukiutazama peke yake hausemi kitu. Kinachosema ni mfululizo wake, kwamba unakuja mtoto anapoamka, umri wake, na hayo macheko yaliyopotea. Daktari Mwingereza W. J. West alieleza jambo hili katika jarida la Lancet mwaka 1841, mgonjwa akiwa mwanawe mwenyewe, na alichokiandika kinafanana sana na ulichoandika wewe: kichwa kuinama mbele tena na tena, mtoto asicheke wala kujali kinachopita mbele yake.

Kuchelewa kulia ni sababu inayoingia akilini. Nyingine ni sukari iliyoshuka sana siku za mwanzo, homa ya uti wa mgongo, ubongo ulioumbika vibaya, na matatizo ya kurithi. Ipo moja ambayo daktari asipomvua mtoto nguo ataikosa: ugonjwa uitwao tyuberasi sklerosisi, ambao huacha madoa meupe kwenye ngozi, marefu kama jani. Kwenye ngozi nyeusi mara nyingi yanaonekana kwa mwanga wa kawaida ukitazama mgongo, tumbo na mapaja. Yakiwepo, dawa ya kuanza nayo inabadilika. Mkague leo ukiwa unamwogesha.

Pa kwenda: hospitali ya rufaa ya mkoa, na usiishie dirisha la wagonjwa wa nje, omba daktari wa watoto. Akikubaliana na hili atakuandikia rufaa ya haraka. Kwa mtu wa Morogoro, Muhimbili ndiko kwenye madaktari wa mishipa ya fahamu wa watoto. Ukifika usianze na neno "anashtuka", maana ndilo lililokurudisha nyumbani mara ya pili. Sema hivi: "Ana mikunjo ya mfululizo akiamka, wiki ya tatu, ana miezi sita, ameacha kucheka na kutazama. Alichelewa kulia alipozaliwa. Naomba apimwe EEG, yaani kipimo cha mawimbi ya ubongo, akiwa amelala."

Vipimo vya siku hiyo hiyo ambavyo mkoa unaviweza: sukari, kalsiamu, magnesiamu, picha nzima ya damu, VVU, na mzingo wa kichwa ulinganishwe na kadi ya kliniki. Kalsiamu isidharauliwe. Mtoto anayefunikwa gubigubi na kufichwa jua anaweza kukosa vitamini D, kalsiamu ikashuka akapata mikakamao, na tiba yake ni tofauti kabisa. MRI, yaani picha ya ubongo, ni muhimu kwa kutafuta chanzo, ila dawa isiisubiri. CT skani huonyesha kidogo kuliko MRI, na mionzi yake kwa ubongo wa umri huu si jambo la kupuuza.

Wiki tatu si za kukatisha tamaa. Lakini kadiri dawa inavyochelewa ndivyo matokeo ya akili na lugha yanavyopungua, kwa hiyo zisiwe nne.

Sista_Mombasa

Naunga mkono alivyosema daktari. Niongeze jinsi ya kutofautisha, kwa sababu wataendelea kukuambia ni tumbo.

Mchango: mtoto analia saa nzima au zaidi, hasa jioni, miguu imekunjwa na inabaki imekunjwa, tumbo gumu, akijamba anapata nafuu. Hauji kwa mapigo yenye nafasi sawa.

Kucheua maziwa kunakochoma koo: anapinda mgongo kwenda nyuma na kugeuza shingo upande, wakati wa kunyonya au muda mfupi baadaye, na anakaa hivyo kwa muda. Hakuhusiani na kuamka.

Mshtuko wa kawaida wa kichanga: unakuja kwa sababu, kama mlango kubamizwa au kichwa kuachiwa ghafla. Mara moja, basi. Na kwa miezi sita ulitakiwa uwe umeshaisha.

Kurukaruka kwa mikono na miguu usingizini: hutokea kwa mtoto wa wiki chache, ndani ya usingizi tu, na ukimwamsha inakoma papo hapo. Wako anafanya kinyume chake, inaanza akishaamka.

Kubana pumzi: huanza na kilio au hasira, anakata sauti, anakuwa wa bluu au mweupe, analegea. Hao huwa tunawapima damu, maana upungufu wa madini ya chuma unachochea.

Degedege la homa: linahitaji homa, kuanzia miezi sita hadi miaka mitano. Huyu hana homa.

Sasa video. Daktari asiyeiona kwa macho atabaki kukisia. Fanya hivi:

Weka simu kwa ulalo, kwenye kitu kisichotikisika, dakika chache kabla ya muda wake wa kuamka. Ondoa shuka, mvalishe nguo nyepesi, taa iwake. Uso, mikono yote miwili na miguu vionekane pamoja. Video ya uso peke yake haitoshi. Usimbebe. Acha irekodi dakika tatu hadi tano bila kukata, ili nafasi kati ya mkunjo na mkunjo ihesabike. Katikati, mwite jina, kisha mshike mkono taratibu: mkunjo wa kifafa hauzuiliki kwa kushikwa. Taja tarehe na saa kwa sauti. Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama faili, vinginevyo picha inafifia na macho hayaonekani. Na usiiweke hadharani, ni mwili wa mtoto.

Pamoja na hiyo, chora daftari: tarehe, saa, ametoka usingizini au anaelekea kulala, mikunjo mingapi katika mfululizo, mfululizo umechukua dakika ngapi. Daftari hilo ndilo litakaloonyesha kama dawa inafanya kazi.

fundi_mawimbi

Mimi niseme ya EEG, kwa kuwa kipimo hiki hupotezwa bure kila siku.

Mashine haimpi mtoto umeme. Inasoma tu. Tunabandika vichwani vinyaya kama 21 kwa gundi laini, vikipimwa nafasi zake kwa futi. Hakuna sindano.

Kosa kubwa ni kumpima mtoto akiwa macho kwa dakika 20, kisha karatasi ikaandikwa "kawaida". Vurugu za mawimbi tunazozitafuta, ziitwazo hipsaritmia, huonekana vizuri zaidi kwenye usingizi mzito. Mwanzoni mwa ugonjwa zinaweza zisionekane kabisa mtoto akiwa macho. Kwa hiyo EEG ya macho peke yake haiondoi ugonjwa. Omba irekodi akiwa macho, akilala, na dakika kumi au zaidi baada ya kuamka, kwa sababu hapo ndipo mikunjo inapokuja. Mashine yenye kamera ni bora, maana mkunjo na wimbi vinaonekana kwa pamoja.

Maandalizi: usiku wa kuamkia, mwoshe kichwa kwa sabuni na usimpake mafuta, ya nazi wala mengine, vinyaya vinateleza. Mlaze kwa kuchelewa kidogo, mwamshe mapema kama saa mbili kabla ya kawaida. Njiani usimwache alale. Hapo ndipo akina mama wengi wanakwama, kwa kuwa basi linabembeleza kuliko mama. Kaa dirishani, mchezeshe, mfute uso kwa kitambaa chenye maji. Mnyonyeshe tukishabandika vinyaya, si kabla. Dawa alizopewa asiache, ila ziorodheshe. Piga simu kwanza uulize kama mashine inafanya kazi na kama msomaji wa majibu yupo. Majibu yakitoka, chukua nakala ya karatasi na ya video. Usikubali kuambiwa kwa mdomo.

Mfamasia_Kanda

Kuhusu dawa. Naandika dozi ili mzazi aelewe atakachoandikiwa, si ili akanunue mwenyewe. Dawa hizi bila vipimo vya kabla zinaweza kumwua mtoto.

Inayopatikana kirahisi kwetu ni predinisoloni, dawa ya kundi la steroidi. Utaratibu uliotumika kwenye jaribio kubwa la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2004, ni miligramu 10 mara nne kwa siku kwa siku 14. Kwa vidonge vya miligramu 5 ni viwili mara nne, yaani vinane kwa siku. Ndiyo, kwa mtoto wa kilo saba. Hapa ndipo dozi inapoharibiwa: mtoa dawa anaona vinane, anadhani daktari ameteleza, anapunguza kuwa kimoja mara tatu. Dozi hiyo ndogo inampa mtoto madhara bila kumpa tiba. Mwombe daktari aandike ugonjwa kwenye cheti cha dawa, na aandike "dozi imekusudiwa".

Mikunjo ikiwa bado ipo baada ya wiki moja, huongezwa kuwa miligramu 20 mara tatu. Baada ya siku 14 inashushwa kidogo kidogo. Aliyekuwa kwenye 40 kwa siku huenda 30, 20, 10, kila ngazi siku tano. Aliyefika 60 huenda 40, 20, 10. Kwa vidonge vya 5 hiyo ni jumla ya 172 kwa wa kwanza na 210 kwa wa pili. Nunua vyote mwanzoni. Vikiisha siku ya tisa kwenye duka lisilo na mzigo, una tatizo, kwa sababu kuikata ghafla ni hatari: mwili unakuwa umeacha kutengeneza homoni yake, na mtoto anaweza kuishiwa nguvu na kuzimia.

Ponda kati ya vijiko viwili, changanya na maziwa kidogo, mililita tano hivi. Ni chungu, usiyatie kwenye chupa nzima kwani akiikataa hutajua amekunywa kiasi gani. Apewe akiwa ameshiba. Akitapika ndani ya nusu saa, mpigie daktari aamue kama inarudiwa.

Ya pili ni vigabatrini. Huanza miligramu 50 kwa kila kilo kwa siku, ikigawanywa mara mbili, na inaweza kupandishwa hadi 150. Kwa kilo 7.2 mwanzo ni miligramu 180 asubuhi na 180 usiku. Ukiyeyusha ya 500 kwenye mililita 10 za maji, kila mililita inabeba 50, hivyo utavuta mililita 3.6 kwa bomba la sindano. Ndiyo chaguo la kwanza kwa mwenye yale madoa meupe. Ubaya wake ni kupunguza upana wa kuona ikitumika kwa muda mrefu, na kwetu haipatikani kila duka. Mara nyingi huagizwa.

Kwenye jaribio lile la 2004, waliopewa homoni au steroidi walikuwa hawana mikunjo siku ya 13 na 14 kwa asilimia 73, wa vigabatrini asilimia 54. Jaribio la 2017 lilitumia zote mbili pamoja: asilimia 72 hawakuwa na mikunjo kati ya siku ya 14 na ya 42, dhidi ya 57 kwa tiba ya homoni au steroidi peke yake. Ukisikia daktari anaanza zote mbili, usidhani anabahatisha.

MamaZ_Moro

Ahsanteni sana, shikamooni. Nimepata video mbili, na nafasi kati ya mikunjo ni sekunde 8 hadi 15. Madoa sijayaona. Nina maswali matatu. Mhudumu wa hapa amejitolea kuanza fenobabitoni wakati nasubiri rufaa, nikubali? Chanjo ya miezi tisa itakuwaje akiwa kwenye predinisoloni? Na bibi anataka afukizwe kabla hatujasafiri, anasema sindano kwa mtoto mwenye dege humwua.

Dkt_Wodi_ya_Watoto

Marahaba. Nafasi hizo zinazidi kuunga mkono tunachokihofia.

Fenobabitoni: kwa spazimu haifui dafu. Itamlaza, utaona ametulia, siku zitapita. Ni dawa nzuri kwa degedege nyingine, si kwa hii. Kabamazepini, dawa nyingine ya kifafa, ndiyo usiiguse kabisa, inaweza kuzidisha mikunjo. Ila kama fenobabitoni ilishaanza, usiikate ghafla. Sema tu ukifika.

Chanjo: ya surua na rubela ni ya virusi hai. Haitolewi akiwa kwenye dozi kubwa ya steroidi, na baada ya kumaliza husubiriwa si chini ya mwezi mmoja. Wapo madaktari wanaosubiri mitatu. Iandikwe kwenye kadi kuwa imeahirishwa, sababu na tarehe, la sivyo nesi wa kliniki atamchoma kwa nia njema. Chanjo zisizo hai hazina shida. Watoto wengine nyumbani wawe wamekamilisha zao. Akikutana na mwenye surua au tetekuwanga, hospitali siku hiyo hiyo hata kama anaonekana mzima.

Kabla ya kidonge cha kwanza waulize kama kuna mwenye kikohozi cha muda mrefu nyumbani. Kifua kikuu kilicholala huamka kwa steroidi. Presha yake ipimwe, kwa mkanda wa saizi ya mtoto, na irudiwe angalau mara moja au mbili kwa wiki. Sukari pia. Atakuwa na njaa isiyoisha, mashavu yatavimba, atalia na kukosa usingizi, hayo yanapita. Yasiyo ya kusubiri ni joto kuanzia 37.5, choo cheusi, kutapika dawa, kulegea.

Kuhusu bibi, usigombane naye. Mwambie safari ya kwanza ni ya kupima tu na haina sindano ya dawa, na dawa yenyewe ni ya kumeza. Ukweli ndio huo, ingawa damu itatolewa kidogo. Moshi usikubali: kifua cha mtoto wa miezi sita hakiuwezi, na wengine hufika kwetu na nimonia juu ya kifafa. Bibi akitaka kwenda pamoja nanyi, aende. Ndiye atakayembeba ukiwa kwenye foleni.

Yakitokea mengine, yaani mwili mzima unakakamaa na kutikisika: mlaze ubavu, legeza nguo shingoni, tazama saa. Hakuna kijiko mdomoni, hakuna maji, hakuna kitunguu puani. Ikipita dakika tano, au akiwa na homa, au akibaki hazinduki, ni kituo chochote kilicho karibu, si Muhimbili.

fundi_mawimbi

Nyongeza moja. Mikunjo ikiisha kwa macho bado EEG inarudiwa, kama wiki mbili baada ya kuanza dawa, na ya usingizi tena. Mara nyingine mwili unatulia huku mawimbi yakiwa bado yamevurugika. Kupungua kutoka 20 hadi 5 kwa siku si mafanikio katika ugonjwa huu. Kinachotakiwa ni sifuri.

Sista_Mombasa

Na hata zikifika sifuri, endelea na daftari miezi kadhaa. Zinaweza kurudi, na mara ya pili huja kwa sura ndogo zaidi: kichwa kutikisika kidogo tu, au macho kupanda juu. Omba mazoezi ya viungo aanze mapema, pamoja na kupimwa macho na masikio, bila kungoja atimize mwaka.

Mfuko wa safari: kadi ya kliniki, karatasi za uzazi kama zina alama alizopewa mtoto alipozaliwa, majibu ya malaria, chupa za dawa zote alizokunywa, daftari, simu yenye video na chaja yake, barua ya rufaa yenye neno "haraka", na kofia ya kumfunika kichwa wakati wa kurudi, maana gundi ya EEG haitoki yote mpaka umwogeshe kwa maji ya uvuguvugu.